Jeneza Nililolizuia Kikole

Mpendwa mtani wangu Saidi,

Uniwie radhi kwa kukuandikia barua ambayo hutaweza kuijibu kwa matusi, kama ulivyozijibu nyingine zote. Ninaandika hapa Lindi nikiwa nimevaa shati safi, kwa kuwa ulinicheka daima kwamba Mmwera aliyesomeshwa na mapadri hashiki kalamu kabla ya kufunga vifungo.

Naomba niikumbuke ile asubuhi ya vita kule Uganda. Amri ya kurudi nyuma ilikwisha kutolewa, nami nililala kwenye matope ya kinamasi, goti limevunjwa na risasi. Wenzetu walikuwa wamevuka. Wewe pia ulikuwa umevuka, Saidi, ndipo ukarudi. Risasi ikakupata mkono wa kushoto ulipokuwa ukiniinua. Ukanihamishia bega la kulia, ukaendelea kutembea. Nilikusihi uniache.

"Nyamaza, Mmwera," ukasema. "Ukifia hapa, mimi Mngindo nitamtania nani?"

Kisha ukaulalamikia uzito wangu mpaka ng'ambo.

Mkono ule haukufanya kazi tena. Kijijini kwenu Kikole ukawaambia watu kwamba ulianguka kutoka kwenye mkorosho wa jirani, ukiiba mabibo. Walicheka miaka yote. Nilipokutembelea nilicheka pamoja nao, kwa sababu nilifundishwa kwamba mgeni hamkanushi mwenyeji wake. Kwa hilo naomba msamaha. Marehemu mke wangu aliniambia zaidi ya mara moja, "Baba Tekla, adabu yako itamzika yule mtu akiwa mwizi."

Ilibaki kidogo. Ijumaa iliyopita, walipokutoa nyumbani kwenda makaburini, nilifanya jambo nisilowahi kulifanya katika maisha yangu: niliketi katikati ya njia, na suti yangu, nikalizuia jeneza. Watu wakafurahi, mtani ana haki yake msibani.

Mwanao Hamisi akauliza, "Haya, baba mdogo, tukupe nini utupishe? Jogoo?"

"Jogoo baki naye. Nataka mnisikilize. Huyu hakuiba mabibo ya mtu. Mkono ule aliupoteza kwa ajili yangu."

Nikawaeleza yote. Nikakunja suruali mbele ya shehe, wakaliona kovu. Hata waliolibeba jeneza wakasahau kubadilishana mabega. Ndipo jirani yako, mwenye mkorosho, akasema taratibu, "Mimi nilijua siku zote. Mabibo yangu hayakupungua hata moja. Ila alisimulia vizuri mno, nikaona haya kumharibia."

Wakacheka, Saidi, huku wakilia. Takbiri iliyofuata ilisikika hadi mwisho wa kijiji, na watoto wako waliitikia wakiwa wameinua vichwa. Sijapata kuona watu wakitembea na msiba kwa fahari namna ile.

Hamisi akaninyanyua kutoka chini. "Njoo, baba mdogo. Shika mbele."

Nikaliweka jeneza begani, bega la kulia. Nilikwenda hatua kumi na moja kabla ya kupokewa, na kila hatua nililalamika kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba Mngindo huyu ni mzito kupita kiasi.

Hukunijibu. Miaka yote hii, ndiyo mara ya kwanza nimekushinda.

Pumzika kwa heshima uliyotuficha.

Ni mimi, mtani wako uliyemrudia.