Mama na Neno Lisiloisha

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumatano jioni

Mpendwa kaka,

Hujambo? Wifi na mtoto, yule bwana mdogo wa Mama, hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mgongo wa Mama ndio unalalamika kidogo, na mwenyewe anausaidia kulalamika.

Unajua mwanao alivyozoea kukurudishia simu mara tu bibi yake anapoanza Kiswahili, maana huko ugenini anajua Kiingereza tu. Mama alikuwa akicheka, lakini simu ikikatika anainamia cherehani asiinue uso. Iliniuma sana.

Basi akamwendea jirani yetu mwalimu, akataka Kiingereza. Alitaka kufundishwa kama yeye anavyofundisha ushonaji: mshono mmoja mpaka uuweze, ndipo ushike mwingine. Akachagua "run" kwa kuwa ni fupi, akidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Kaka, lile neno halina mwisho. Leo ni kukimbia, kesho ni maji ya bomba kutiririka, keshokutwa pua kuchuruzika. Mashine ikifanya kazi, lipo. Mtu akiendesha duka, lipo. Hata kitambaa kikichuja rangi au soksi ikifumuka uzi, lipo vilevile! Mama akadai mwalimu anamwongezea makusudi, ila kuhamia neno lingine alikataa katakata.

Jumapili ulipomwachia mtoto simu ya video ukaenda jikoni, hukuona kilichotokea. Mtoto alikuwa na mafua. Mama akagusa pua yake mwenyewe, akauliza, "Run?" Mtoto akacheka, akaitikia. Mama akafungua bomba, akaja akakanyaga cherehani, kila mara "run". Mtoto naye akaleta kigari chake akakisukuma sakafuni. Mimi nimesimama mlangoni na pasi mkononi, nalia kama mjinga.

Kisha mtoto akataka kujua bibi yake husemaje "run" kwa Kiswahili, nikamtafsiria Mama swali. Mama akamwambia, "Kimbia." Zile mbio ulizomgombezea uliporudi ndizo hizo, kwa hiyo ulimwonea. Bado hajafundishwa "tiririka" na "churuzika", maana kwetu kila kitu kina neno lake, na bibi amemwahidi yote.

Wifi umsalimie sana. Shangazi anawasalimu, na fundi viatu wa jirani pia. Mungu awatunze, awape afya na riziki.

Mama ana ujumbe wa Jumapili, na ameniambia niuandike vilevile: "Mwambie kaka yako ampe mume wangu simu, yeye akapike."

Akupendaye hata ukichelewa kujibu,
Dada yako