Dirisha la Mama Shani

Jumatatu, 11 Agosti
Kutwa gundi vidoleni. Maonesho ya kazi za ofisi yetu ni Jumamosi, hapa hapa Kibaha, na nyumba tatu za kadibodi bado hazina paa. Bosi wetu, Bi. Anjela, anapita nyuma yetu akinyoosha kuta kwa kucha. Ananiudhi. Nampenda.
Meza ya katikati kanipa mimi. Nyumba ya Mama Shani wa Kurui, ramani ya kwanza niliyochora peke yangu. Ikipendwa, nitaaminiwa nyingine. Isipopendwa, narudi kuchora vyoo vya nyumba za wenzangu.

Jumatano, 13 Agosti
Kurui, kupiga picha. Bi. Anjela ana sharti moja: ingia ndani kwanza, salimia, kaa, ndipo utoe kamera. Leo sikuingia. Nimefika nikakuta dirisha langu kubwa la chumbani, lile la upande wa njia, limezibwa kwa matofali. Hata plasta hakuna. Hasira zikanipanda, za kitoto kabisa. Nikazunguka nyuma, picha nne, nikaondoka kama mwizi wa kuku.

Alhamisi, 14 Agosti
Bi. Anjela kauliza kama Mama Shani hajambo. Nimesema hajambo. Sikupepesa hata macho. Kwenye kadibodi dirisha nimeliacha wazi.
Jioni nasikia kampigia simu kumwalika.

Jumamosi, 16 Agosti
Ukumbi ulijaa. Mama Shani alikuja na wifi yake. Nikamwamkia, akaitikia, akainama mezani, akapitisha kidole dirishani.
"Marehemu alilipenda hili," akasema.
Baba Shani. Kafariki mwezi wa tatu, mwanzoni. Mama Shani akakaa eda humo chumbani, miezi minne na siku kumi, na wapita njia wanamwona hadi kitandani. Pazia lilikuwa halitulii kwa upepo. Shemeji yake akaziba ili astirike.
"Nilijua hamna habari, mwanangu. Mngejua mngekuja."
Nilikuja. Nilisimama hatua kumi kutoka mlangoni kwake. Hilo sikuweza kumwambia. Nimemwambia Bi. Anjela, kila kitu, nikilia. Hakunigombeza. Kaninunulia soda, akakaa na mimi mpaka ikaisha.
Watu waliisifu sana nyumba. Sikusikia raha yoyote.

Jumapili, 24 Agosti
Kurui tena, na sukari na mchele. Nimetoa pole, nimechelewa nayo sana. Nimemwambia pia kuhusu siku ile ya picha. Akanisogezea ungo wa mchicha tuchambue.
Tulikaa mkekani, chumbani kwake. Akanionesha picha ya mumewe kasimama juu ya msingi, kanzu kaikunja, anacheka. Habari za dirisha hatukugusa. Akitaka lifunguliwe atasema.
Chumba kina ubaridi mzuri mchana. Nilikichora mwenyewe, na sikuwahi kukaa humo.