Mkanda wa Kavira

Jumatatu, 20 Januari

Asubuhi Kavira amenisugua mgongo kwa mafuta ya mawese ya moto. Kama kila asubuhi tangu kabla ya mwaka wa volkano. Nimelala kifudifudi. Mke wangu huyu nimemficha jambo: mgongo anaousugua ulipona zamani, na nilipokuwa nalipwa nikae nyumbani, nilifanya kazi nyingine kwa siri.

Daktari hasemi tena "ukipona". Maji yamejaa mapafuni. Naandika kwanza, kabla ya kumwambia, ili nizoee maneno.

Jumanne, 21 Januari

Waasi wanapiga mizinga upande wa Sake, mji wa jirani. Vioo vinatetemeka.

Kabla ya volkano nilikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha kahawa. Magunia yaliniangukia. Daktari wa kampuni akaandika: asiiname, asibebe kitu kizito kuliko ndoo ya maji. Nikapewa nusu mshahara nipumzike. Papa Bahati, jirani yetu, ndiye aliyetumwa na kampuni kuchunguza kama wanaolipwa kwa ugonjwa wanaumwa kweli.

Baada ya miezi kadhaa maumivu yakaisha. Sikusema. Nilimwambia Kavira kwamba nimeagizwa kutembea sana. Nikashika fimbo, nikachechemea hadi karakana ya chukudu, zile skuta kubwa za mbao za kubebea mizigo, barabara ya Lac Vert. Fimbo niliiegemeza mlangoni. Nilichonga mikaratusi. Chukudu haiuzwi kabla fundi hajaijaribu ikiwa imejaa: nilipakia magunia ya viazi, nikateremka nayo mlimani mbele ya mnunuzi. Jioni nikachukua fimbo yangu. Nikifika nyumbani, Kavira alikwisha kuteka maji na kubeba kuni.

Mwanzoni niliogopa kugunduliwa. Baadaye nilipenda kuhudumiwa. Hilo ni baya zaidi.

Alhamisi, 23 Januari

Majirani wanasema Sake imeanguka. Barabara imejaa magodoro na watoto. Kavira ametoa mkanda wake wa ngozi, ule wa kubebea kuni, ameupaka mafuta ulainike. Paji lake lina bonde mahali mkanda unapokaa.

"Muzee, nitakubeba."

"Utanibeba namna gani? Miye mutu muzima!"

"Mama yako nilimubeba niko na mimba. Weye umebakia mifupa tu. Kuni zinakushinda uzito."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Jumamosi, 25 Januari

Sikulala. Pumzi fupi.

Mwaka wa volkano mji ulikuwa tayari mikononi mwa waasi. Kisha mlima ukapasuka. Moto uliteremka mjini, sisi tukakimbilia Sake. Mama yangu hakuweza tena kutembea. Kavira, mimba ya miezi saba, alimfunga mgongoni, mkanda kwenye paji. Mimi nilitangulia na fimbo. Papa Bahati alitembea kando yangu.

Njiani Safari, kijana wa karakana yetu, akatukuta, anasukuma chukudu tupu. Akapaza sauti: "Fundi! Kamata hii, pandisha mama! Weye ndo unajua kuiendesha kutupita siye bote!"

Bahati akanitazama. Akatazama fimbo.

Nikasema, "Kijana, umenifananisha."

Safari akasukuma chukudu yake. Akaenda zake. Kavira hakuuliza kitu. Alikuwa ameinamia ardhi, mkanda ukimvuta kichwa nyuma, hakuwa na pumzi ya kuuliza. Tukaendelea mpaka Sake. Yeye na mama yangu mgongoni, mimi na fimbo.

Uwanjani mwa shule, mtoto wetu akazaliwa amekufa. Msichana. Hatukupata mwingine. Niliwaambia watu wote: ni moshi wa volkano. Mpaka leo mlima ukiwaka, Kavira anautemea mate.

Jumatatu, 27 Januari

Risasi mtaani tangu alfajiri. Hakuna maji, hakuna umeme. Kavira amenivuta sakafuni, ameegemeza godoro dirishani. Kisha akaleta mkanda. Nimekataa kubebwa.

"Unataka nikuache hapa sawa mbuzi ya kufungwa?"

Hapo nikamwambia. Karakana, fimbo, viazi, Safari. Risasi zilikuwa karibu, ikabidi nirudie ili asikie. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza.

Aliuviringisha mkanda mkononi, akageukia ukuta. Hatukuondoka.

Jumanne, 28 Januari

Hakunisugua. Uji aliuweka karibu nami, akatoka.

Jumatano, 29 Januari

Risasi zimekoma. Mji umekwisha kuchukuliwa na waasi. Majirani wanatafuta watu wao, wengine wanazika. Mkanda umerudi kwenye msumari wake.

Kavira ameingia na mafuta. Hakuyapasha moto. Amenigeuza kifudifudi, ameweka kiganja pale pale anapokiweka kila siku. Hakusugua.

"Ile siku ya kubeba mama yako, hapa ilikuwa inauma?"

Ningeweza kusema kidogo. Bahati na Safari walikwisha kufa; hakuna mtu aliye hai wa kunikanusha. Kiganja chake kilikuwa baridi, na kilingoja.

Nimemjibu, na jibu naliandika hapa kama lilivyo. Siku ile mgongo wangu haukuuma.