Mke wa Kwenye Fomu

Kambi ya jeshi, Torokina, Januari 1946

Kwako mdogo wangu Lindsay,

Mimi mzima, mvua na nyama ya kopo bado havijaniua. Vita viliisha Agosti, ile meli iliyokupeleka nyumbani imerudi kubeba askari wengine, na jina langu halimo. Alama zangu za kurudishwa nyumbani hazitoshi, kwa kuwa sina mke.

Karani wa orodha alinicheka. "Mzee, mdogo wako mjanja. Kaoa, kapata alama za ndoa, kaenda zake. Wewe unangoja nini?"

"Kamuoa nani?"

Akafunua fomu yako. "Thelma Rooney, wa Newcastle."

Thelma nilimvisha pete ya uchumba mimi, Lindsay, na kofia yangu uliishika wewe. Nikadhani umeliazima jina tu ili upande meli. Kisha mama akaandika kwamba Thelma sasa anakaa ubavuni mwako kanisani, na pete kaivua.

Basi nikamwambia karani ukweli, kwamba hukuwa na mke. Kudanganya kwenye fomu ya jeshi ni kifungo. Barua hii imepanda meli moja na polisi wa jeshi wanaokuja kukuchukua. Wakibisha hodi kabla hujaimaliza, mwachie Thelma aisome.

Kaka yako,
Alwyn