Kiti cha Heshima Kilichokufungia Nyumbani

Mpendwa Kuka, babu yangu,

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: si uzee uliokukalisha nyumbani mwaka wako wa mwisho. Ulikalishwa na kiti cha heshima. Mwenyekiti wa kamati ya uwanja alisimama kwenye mazishi yako akawaambia waombolezaji kwamba babu yangu alikuwa amechoshwa na mapigano ya mafahali, akaamua mwenyewe kupumzika. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeishika picha yako, na sikuweza kubishana na mtu juu ya jeneza lako. Nabishana sasa.

Wewe hukuchoka. Goti ndilo lililokataa kusimama uwanjani tangu alfajiri, na mwili ulikuwa na haja zake. Nakumbuka ulivyokuwa ukisusia chai tangu jioni ya kuamkia mapigano. Nilipokuuliza sababu, ulinicheka. "Nikinywa, nitajisaidia wapi? Nyuma ya wapiga ngoma za isukuti?" Nilikuwa nimehitimu majuzi, kichwa kimejaa vitabu kuhusu miji inayojengwa kwa kuwafikiria wanaotembea polepole. Nilikusomea ukurasa mzima kwa Kiswahili cha kutafsiri papo hapo. Ulisikiliza kwa adabu, kisha ukauliza kama kitabu hicho kina ng'ombe. Hakikuwa na ng'ombe.

Basi tukafanya yetu. Senje, binti yako aliyeolewa hatua chache kutoka uwanjani, alikubali kutuachia mlango wa choo chake wazi. Jirani alikuja na pikapu yake gizani, akaiegesha juu ya ukingo wa udongo ambao fahali hawezi kuupanda, nasi tukalifunga kochi lako nyuma kwa kamba ya katani. Hatukuwa tumekualikia mwenzi. Mzee Shivachi, rafiki na mpinzani wako kutoka ng'ambo ya mto, alijialika mwenyewe. Alisukumwa akapanda, akaketi kwenye mkono wa kochi, akaanza.

"Fahali wenu amenona kama mheshimiwa. Atapigana au atahutubia?"

"Shivachi, tazama mbele. Wenu anatafuta njia ya kwenda kwao."

Siku hiyo ulikunywa chai, ukaomba ya pili. Pembe zilipogongana uliupiga ubavu wa pikapu kwa bakora hata jirani akalia, "Mzee, hiyo rangi ni mpya!" Ulirudi nyumbani sauti imekauka, ukimwigiza Shivachi alivyojifunika uso kwa kofia fahali wao alipogeuka kukimbia. Sikuwahi kukuona na furaha kama ile, hata siku ya mahafali yangu, na sikuona wivu.

Kisha kamati ikakukumbuka. Ilipiga marufuku magari ukingoni na kuwajengea wazee hema nyuma ya jukwaa la wageni. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Ningepata nafuu kama wangekuwa nayo. Walikupa kiti chenye mto, wakakufunika shuka miguuni, wakakuletea soda ambayo ugonjwa wako wa sukari haukuruhusu. Kila ulipojaribu kuinuka, mkono ulitua begani mwako: "Keti, mzee wetu, usisumbuke." Shivachi, kwa kuwa ni wa upande wa pili, alipelekwa hema jingine. Umati ulipolipuka kwa kelele, ulinigeukia ukaniuliza nani ameshinda. Wewe, Kuka, uliyekuwa ukijua mshindi kabla mafahali hawajafika uwanjani!

Njiani ulisema neno moja tu. "Mimi nakujanga kuona fahali. Leo nimeona migongo."

Mara iliyofuata, isukuti ilipopita langoni petu, nilikuletea koti. Uligeukia ukutani. "Nenda wewe. Utanieleza." Nilienda, nikarudi, nikakueleza vibaya, maana nimesoma mambo mengi na katika hayo hakuna fahali. Hukunisahihisha hata mara moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba unaniaga.

Watasema usalama. Najua fahali aliyeshindwa hukimbilia kokote, na mtu asiyeweza kukimbia hapaswi kusimama njiani mwake. Lakini ukingo ulikuwa salama kuliko hema lao, na walioufunga hawakuwahi kuupanda. Kumtunza mzee si kumweka mbali na kile kilichomtoa kitandani. Aliye na miaka mingi bado ana anachokipenda, ana anayetaka kuketi naye, ana utani ambao haujaisha. Ukimpa mto na kumnyima hayo, umemhifadhi tu, kama vyombo vya wageni vinavyofungiwa kabatini.

Siku hizi nalala mtaa wa Shirere, mbali na isukuti, na bado naamka alfajiri, saa ile ile. Mwezi uliopita nilimtembelea Shivachi. Alinishika mkono muda mrefu, kisha akauliza, bila mzaha wowote, "Sasa mimi nitamtukana nani?" Nililia mbele yake, Kuka, mimi niliyekausha macho kaburini kwako. Naye haendi tena uwanjani. Angali hai, angali anaweza kupandishwa pikapu, na ndiyo maana barua hii haiwezi kuwa ya kwako peke yako.

Pumzika, Kuka, ingawa najua hukuomba kupumzika. Wewe sikudai neno. Namdai mwenyekiti, na sitaki anipigie simu wala aniite kando kwa upole. Ajibu hadharani, uwanjani, Shivachi akisikia: siku mlipomchagulia babu yangu mahali pa kuketi, nani kati yenu alimuuliza anataka kuketi wapi?

Mjukuu wako