Salamu Ziishie Mlangoni

Jumatatu, 14 Julai

Hita imegoma tena. Nimeoga maji ya baridi, meno yakagongana, nikawahi kazini hivyo hivyo. Ukungu mpaka saa nne. Wodi ya wazazi ina vitanda sita, vyote vimejaa, na inchaji, msimamizi wa wodi, ni mimi. Kaimu, lakini inchaji. Naliandika neno hilo ili nilizoee.

Kozi ya uongozi wa wauguzi imeingia mwezi wa pili. Wiki moja tunakaa darasani Lushoto mjini, zinazobaki tunarudi kazini. Mimi narudi huku juu, kituo cha afya njia ya Mtae, saa nne za kurushwarushwa kwenye basi. Mwalimu anataka kila mmoja abadilishe jambo moja katika wodi yake. Jambo moja tu. Yeye na wenzake watakuja kuliona Ijumaa ya tarehe mosi Agosti.

Nimefurahi mpaka najishangaa. Miaka minane kazini, hakuna aliyewahi kuniuliza ningependa kubadilisha nini. Sasa nimeulizwa, na sina jibu.

Jumatano, 16 Julai

Jioni nimefanya mazoezi ya kuzungumza shambani, mbele ya kabichi. Kozi imesema tusiongee huku tunaangalia chini. Nimeziangalia kabichi safu kwa safu, sauti ikatoka safi. Mume wangu Hatibu akapita na keni ya maji. Akauliza nani amenikosea.

Kabichi si Mama Joni. Mama Joni alianza uuguzi mimi sijaingia darasa la kwanza. Nilipokuwa mwanafunzi ndiye aliyenifundisha kupokea mtoto, mikono yake juu ya mikono yangu. Leo mimi ndiye nampangia zamu. Namwamkia kwanza, ndipo nampa karatasi. Karatasi inatetemeka. Yeye anaiona inavyotetemeka na anafanya kama haoni. Nampenda kwa hilo na linaniudhi pia.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya.

Nimeingia saa moja na nusu. Mama Joni alikuwa kitanda cha kwanza anapima presha, vifaa vya kusikilizia mapigo masikioni. Nyuma yake amesimama Halima, muuguzi wetu mpya, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kitanda cha sita mama aliyejifungua alfajiri amepauka. Nikafunua blanketi. Khanga yote imelowa damu.

Tukakanda tumbo, tukamchoma sindano, tukaweka dripu. Mama Joni alifanya kazi kama watu watatu. Mchana yule mama alikunywa uji. Mzima.

Halima aliiona ile damu. Ameniambia mwenyewe, akilia, kwenye chumba cha dawa. Alikuja mbio kumwambia Mama Joni. Akasema shikamoo. Mama Joni hakusikia, masikio yalikuwa yamezibwa. Halima akasimama kusubiri.

Nikamuuliza alikuwa anasubiri nini.

"Nilikuwa sijaitikiwa, dada."

Nilitaka kumpiga kofi. Nikatoka nje nikasimama kwenye baridi mpaka hasira ikashuka.

Jumapili, 20 Julai

Siko zamu. Nimejaza fomu ya kozi. Kwenye tatizo nikaandika: mawasiliano hafifu baina ya watumishi. Nikaona nimeandika kisomi. Nikaipiga picha, nikamtumia mwalimu. Jibu limekuja baada ya dakika tano: hayo ni maneno ya semina, andika kilichotokea.

Nikaandika upya. Halima alimwamkia Mama Joni. Hakuitikiwa. Akanyamaza. Mama mmoja alikuwa anavuja damu.

Nikaisoma mara mbili. Maana na mimi nimewahi kusimama hivyo. Mara ngapi? Huku kwetu humwanzishii mtu mzima mazungumzo kabla ya marahaba yake. Hatukufundishwa kwa maneno, tumekua nayo. Hata jana nilimngoja Mama Joni amalize kukohoa aniitikie, ndipo nimwambie kitanda kimevunjika mguu.

Jawabu nimelipata mlangoni kwangu, navua viatu. Viatu vinaachwa nje, na hakuna anayesema tumevidharau. Salamu pia ziishie mlangoni pa wodi. Shikamoo zote, marahaba zote, pale nje. Ukishavuka kizingiti ni wagonjwa tu, na ripoti ya asubuhi anaianza aliye mdogo kuliko wote. Wakubwa tunafuata.

Nimemwamsha Hatibu usingizini, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, nimwambie. Amesema ni jambo zuri, ila nani atamwambia Mama Joni.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwambia mimi. Nimewaambia wote, nimesimama katikati ya wodi, macho juu. Sauti haikutetemeka. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nilitamani kabichi zingekuwepo.

Mama Joni akafunga kitufe cha sweta yake. Akasema, "Haya. Bi Inchaji amesema." Miaka yote ananiita Rehema mwanangu.

Jumatano, 23 Julai

Mama Joni anaingia kwa mlango wa nyuma.

Jana nilidhani ni bahati mbaya. Leo nimehakikisha. Anazunguka kwenye kamba za kuanikia mashuka, anapita chumba cha kufulia, anatokea ndani ya wodi. Mlango wa mbele hajaugusa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumwamkia nje, na kumwamkia ndani ni kuvunja sheria yangu. Halima akimwona anajificha nyuma ya pazia. Wakati wa ripoti Mama Joni anaendelea kugawa dawa, ametupa mgongo.

Ni mjanja. Ningekuwa siumii ningecheka.

Lakini ripoti. Ripoti inakwenda! Halima leo alisema mambo matatu, mawili nilikuwa siyajui. Na mhudumu wa usafi aliinua mkono akasema dirisha la kitanda cha pili linapitisha baridi. Miezi yote hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimerudi nyumbani natembea kama naruka.

Ijumaa, 25 Julai

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, ameniita. Amesikia wodi imegawanyika. Hakunikaripia, ila amesema wazi: wageni wakija tarehe mosi wakakuta mnanuniana, itabidi nikurudishe zamu ya kawaida, uinchaji tutampa mwingine. Nimeitikia vizuri. Nimetoka nikarudi wodini.

Nautaka uinchaji. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nautaka sana.

Jumatano, 30 Julai

Jioni nimekwenda nyumbani kwa Mama Joni. Nimebeba karoti. Nikamwamkia barazani, akaitikia vizuri, akanitengea chai na viazi vya kuchemsha. Tumezungumza mvua, bei ya koliflawa, mjukuu wake. Chai ikaisha.

Ndipo akasema, "Hapa kwangu unaniamkia. Kule umenifuta mbele ya watoto."

Sikuangalia chini. Nikamwambia yule mama wa kitanda cha sita angekufa, Mama. Na wewe ungekuwa hatua chache kutoka kwake, na usingejua.

Akakusanya vikombe, akaingia ndani. Hakutoka tena. Nimerudi gizani kwa tochi ya simu, nimelia njiani, kisha nikaacha. Nililosema ni kweli.

Ijumaa, 1 Agosti

Naandika hata viatu sijavua.

Wageni wamefika mapema, mwalimu na wenzake wawili, na mganga mfawidhi nyuma yao. Tukajipanga. Mama Joni hayumo kwenye mstari. Ametokea mlango wa nyuma, ameshika trei ya dawa, anaendelea na yake. Mwalimu akamtazama, kisha akanitazama mimi. Nikasema Halima aanze.

Halima akaanza, sauti ndogo. Kitanda cha kwanza. Kisha akanyamaza katikati ya sentensi. Nikafuata macho yake. Mama Joni yuko kitanda cha pili, anamkabidhi mgonjwa kikombe cha vidonge.

"Mama, siyo huyo. Mwanaidi wa presha yuko cha tano. Tulimhamisha alfajiri, kwa ajili ya dirisha."

Halima hakusema shikamoo. Hakusubiri. Amemkatiza mtu mwenye umri wa bibi yake, mbele ya wageni, kwa sauti ya kusikika wodi nzima.

Tuna kina Mwanaidi wawili wiki hii. Mama Joni akachukua kikombe kutoka mkononi mwa yule mama kabla hakijafika mdomoni. Akasoma faili. Akatembea mpaka kitanda cha tano, polepole, akampa anayestahili. Kisha akaweka trei mezani, akaenda kusimama mwisho wa mstari wetu.

Halima alikuwa amejiinamia. Nikamwambia endelea, kitanda cha tatu. Akaendelea.

Wageni wamesifu. Mganga mfawidhi amenipa mkono na hakusema chochote juu ya kunirudisha. Ninapaswa kurukaruka. Nusu yangu inaruka. Mama Joni ameondoka saa tisa kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo jua limetoka mapema. Nimepanda ngazi za kituo nikamkuta Mama Joni amesimama mlango wa mbele, sweta imefungwa vitufe vyote. Wazazi waliokuwa wanaota jua aliwasalimu kwa Kishambaa, onga mahundo, mmoja mmoja. Wauguzi walikuwa wanampita, wanaamkia, anaitikia, wanaingia.

Halima alikuwa wa mwisho, nyuma yangu. Alipomwona akasimama kwenye ngazi ya chini. Akainamia viatu vyake, hata shikamoo hajasema.

"Marahaba," Mama Joni akasema. "Ingia, mwanangu. Wanakusubiri uanze."