Chai ya Makindu Haimo Kwenye Hesabu

Mtaa wa Mbotela,
Barabara ya Jogoo,
Nairobi.
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Mwongeli,

Pokea salamu za kaka yako. Mguu umepungua kuvimba? Na mbuzi wamepata majani? Sisi huku tunapumua. Goti linanisumbua lakini mkono bado, waona naandika mwenyewe bila kumwomba mtu. Mistari ikipanda na kushuka, wewe ifuate tu.

Mutheu, mjane wa marehemu Mumo wangu, hali vizuri. Anapika, anapakua, halafu sahani yake anaifunika. Watoto nao wamejifunza kunyamaza.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kampuni ya Mumo imeleta karatasi. Wanasema ajali ya pale Salama, njia ya Mombasa, ni makosa yake, ati alikuwa anakimbiza lori kupita ile sitini kwa saa wanayoruhusu. Chombo cha kufuatilia gari wanasema kilikuwa kimeharibika siku hiyo. Nabwire, mama yake Lusweti, yule taniboi, msaidizi wake garini, aliyekufa naye, alisomewa hiyo karatasi. Tangu hapo akinikuta mferejini anachukua mtungi wake ukiwa nusu na kuondoka. Miaka yote tumepakana ukuta, leo mimi ni baba wa muuaji.

Mimi si mtu wa kufundishwa habari za lori. Nimeendesha kutoka Mombasa hadi Malaba kabla hao makarani hawajazaliwa. Nikatoka na karatasi yao mpaka uani, watu wote wakiwa wanafua. Imeandikwa Mumo alitoka Mtito Andei 6:00, akaanguka Salama 9:00. Nikasoma kwa sauti, saa sita mpaka saa tisa. Phelister wa nyumba ya kona akacheka.

"Mzee, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni saa ya kizungu."

Nikamwambia hata aisome kichina, hapo katikati kuna masaa matatu. Kilomita ni kama mia na hamsini, hiyo njia naijua nikiwa nimelala. Gawa kwa tatu. Ni hamsini, Mwongeli. Lori la hamsini linapitwa hata na basi la shule.

Nilikuwa nimewashinda. Ndipo Nabwire akainua kichwa kwenye karai lake, polepole, akaniuliza, "Na ile chai, Baba Mumo, waliinywa gari likitembea?"

Kumbe Lusweti alimpigia simu asubuhi ile. Alimwambia, "Mama, tuko Makindu kwa shangazi ya Mumo. Amekataa tuondoke, amechemsha chai na anatukaangia mayai."

Si unaona taabu yangu. Wakati wa kukaa lazima utolewe, kwa maana magurudumu hayakuwa yanazunguka. Nimeipiga hiyo hesabu kwa mkaa ukutani mpaka Mutheu akanikataza. Kama walikaa nusu saa, yanabaki masaa mawili na nusu, mwendo ni sitini kamili, na Mumo hana kosa. Kama walikaa saa nzima, yanabaki mawili, na mwendo ni sabini na tano. Hapo karani atakuwa amesema kweli, na mimi nitamtazama Nabwire kwa macho gani?

Nami nakujua wewe. Hujawahi kumwacha mtu wa kwetu atoke kwako kabla hajamaliza na kuongezewa. Kule mazikoni ulikaa mbali nami, na mimi sikukuuliza kitu, nilivyoona umekonda. Sikulaumu kwa mayai. Mtoto wangu alikuwa amelala garini Mtito, tumbo tupu.

Sitaki simu. Ukiniambia kwa simu nitasikia ninalotaka, nimezeeka na ubishi wangu na sasa siwezi kuuacha. Andika. Musyoka mchonga vinyago, huyu anayekuletea hii barua, anarudi Nairobi Ijumaa na mbao zake. Mpe jibu, ulifunge. Jumamosi tunakaa kikao na watu wa Lusweti. Nimemwahidi Nabwire barua yako ataifungua yeye na kuisoma yeye, maana nikisoma mimi nitaona nusu saa hata kama hukuandika.

Sema walikaa muda gani, na walikula nini. Moyo wangu unataka uniambie alikunywa kikombe kimoja akiwa amesimama. Moyo huo huo unataka uniambie alivua viatu, akacheka, akashiba. Nimejaribu, na yote mawili hayaingii katika masaa yale. Basi andika lililokuwa. Hesabu niachie mimi.

Nisalimie shemeji Muindi, na Ndindi na watoto wake wote. Mutheu anakusalimu sana. Anasema hata ikiwa ni saa nzima, asante kwa yale mayai.

Mungu akae nanyi hapo Makindu, na awalinde wote wanaopita mbele ya mlango wako.

Wako akupendaye, kaka yako,
Muthama